Naomba ushauri: kutundika picha za marehemu baba mdogo bila kutoboa ukuta wa Mji Mkongwe

BintiShangani:
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Baba yangu mdogo alikuwa mchoraji wa Tingatinga, alichora Dar es Salaam karibu miaka thelathini mpaka alipofariki mwaka jana. Familia tumekusanya picha zake 31 na tunataka kuzionesha Unguja kwa siku tisa, mwezi ujao. Tumeazimwa chumba cha juu katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe.

Tatizo ni ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono wangu. Nilijaribu msumari mmoja tu nyuma ya mlango, lipu ikamwagika unga na msumari ukaning'inia. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, ameniambia wazi kwamba tangu alipoona sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, imeporomoka Desemba 2020, hataki kusikia drili ndani ya nyumba yake. Simlaumu.

Picha zote ni hadibodi tupu (zile mbao nyembamba za kushindiliwa), hazina fremu. Ishirini na tisa ni za sentimita 60 kwa 60, mbili ni kubwa za 120 kwa 120. Chumba kina urefu wa mita 8.4, upana mita 3.1, na boriti za mikoko ziko wazi juu. Ukuta mmoja mrefu ni mtupu. Wa pili una mlango, madirisha mawili na vidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kuta mbili za mwisho ni tupu.

Nitazitundikaje? Na nizipange vipi? Mimi nilifikiri kuzipanga kwa miaka, ya kwanza mpaka ya mwisho.

FundiFremu:
Pole kwa msiba dada, Mungu amrehemu baba mdogo. Bibi yuko sahihi kabisa. Ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki msumari wala rol plagi, na kila tundu unalotoboa linafungulia maji na chumvi njia. Usibishane naye.

Msaada wako uko juu ya kichwa chako. Boriti hizo zimebeba sakafu au paa miaka na miaka, kilo chache za hadibodi hazitazisumbua. Hadibodi ya 60 kwa 60 yenye unene wa milimita tatu ina uzito wa kilo moja na kitu. Kubwa ya 120 ni mara nne yake, haizidi kilo tano au sita. Kabla ya yote gonga kila boriti utakayoitumia na mpini wa nyundo. Ikilia wazi kama ngoma, au ukiona unga chini yake, hiyo ina mchwa, iruke.

Usifunge picha moja moja kwenye boriti, maana boriti hazikuachana sawa na picha zako zitafuata kombo lake. Chukua bomba la chuma la nusu inchi, lilaze chini ya boriti sambamba na ukuta mrefu, sentimita tano hivi kutoka ukutani, ulifunge kwa kamba kila boriti ya pili. Bomba huuzwa futi ishirini, kwa hiyo utahitaji moja na nusu. Kutoka kwenye bomba unashusha nyaya mbili kwa kila picha. Mbili, si moja. Waya mmoja picha itazunguka kila upepo ukipita dirishani.

MvuviMstaafu:
Kuhusu waya, watakuja watu wakwambie tumia mshipi wa nailoni kwa sababu hauonekani. Mimi nimeushika mshipi maisha yangu yote. Nailoni ikibeba uzito mfululizo hurefuka kidogo kidogo, na fundo lake likilainika huteleza. Siku ya kwanza picha ziko sawa, siku ya nne moja imeshuka vidole viwili na hujui kwa nini. Tafuta waya mwembamba wa chuma wa kusuka, milimita moja inatosha, na vile vibanio vidogo vya kuufungia.

BintiShangani:
Ahsanteni sana. Boriti nimezigonga leo, mbili ziko mashaka, zilizobaki zinajibu vizuri. Sasa hadibodi haina pa kushika waya. Kaka mmoja wa hapa mtaani ameniambia nitoboe tundu mbili juu ya kila picha nipitishe waya. Mkono umekataa.

FundiFremu:
Mkono umekataa vizuri. Usitoboe. Geuza picha nyuma, utaona upande ule wa kukwaruza. Gandisha hapo fito mbili za mbao, upana wa inchi moja, kwa gundi nyeupe ya mbao. Laza picha uso chini juu ya blanketi safi, weka matofali yaliyofungwa kitambaa juu ya fito, uache usiku mzima. Skrubu ndogo ya pete inaingia kwenye fito, haigusi hadibodi.

MhifadhiWaPicha:
Hapo FundiFremu naomba nipingane nawe kwa heshima. Kwa picha ya kuuza kesho, gandisha. Lakini hizi ni picha za mtu aliyefariki, haziwezi kuchorwa tena. Gundi ikishashika hadibodi haitoki bila kunyofoa nyuzi, na nyuma ya picha huenda kuna maandishi, tarehe, bei, jina la mteja. Dada, umeshatazama nyuma?

Njia isiyoacha alama ni ile ya sahani. Wazee wetu wa pwani walipamba kuta kwa sahani za kauri, na mpaka leo madukani kuna zile springi zenye kucha nne za kutundikia sahani. Fundi bati anaweza kukukatia vikucha vya bati laini, viwili chini na viwili juu, vikaunganishwa nyuma kwa waya. Kila kikucha kifunikwe kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili kisikwangue rangi. Mbele utaona bati kama ukucha wa kidole kidogo, basi. Siku ya mwisho unazivua na picha ziko kama alivyoziacha.

Jambo la pili ni unyevu. Mwezi ujao ni vuli. Ukuta wa matumbawe hutoa chumvi na hupumua maji, na hadibodi ikinyonya maji huvimba kingo na kupinda. Picha isiguse ukuta kabisa. Gandisha vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye vikucha vya chini, si kwenye picha, vikae sentimita mbili kutoka kwenye chokaa. Na wakati wa kuzisafirisha usizilaze uso kwa uso. Rangi ya mafuta yenye kung'aa, kwenye joto la gari, hunatana hata kama ina miaka kumi.

BintiShangani:
Nimezigeuza zote usiku huu. Ishirini na mbili zina maandishi kwa penseli, nyingine mwaka tu, nyingine "ya mama" na "isiuzwe". Sikuwa najua. Sitagandisha kitu. Nimeshampelekea fundi bati kipimo.

MwalimuWaSanaa:
Mimi nije kwenye mpangilio, maana hapo ndipo maonesho mengi ya kifamilia huharibika kwa upendo. Dada, picha 31 haziingii kwenye chumba hicho. Nimepiga hesabu. Ukuta mrefu, picha tisa za 60, nafasi ya sentimita 25 kati yake, jumla mita 7.4. Zinabaki sentimita 50 kila upande. Ukuta wa mwisho utakaoonekana mtu akiingia na kugeuka, kubwa moja peke yake. Ukuta wa mwisho wa pili, nane kwa pamoja kama bao, nne juu na nne chini, nafasi ya sentimita sita tu. Hiyo ni mita 2.58, inaingia kwenye 3.1 yako. Miraba hupendeza ikisongamana hivyo, na ni sura ya Tingatinga mwenyewe: Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968 alichora kwenye vibao kama hivi vya mraba. Jumla kumi na nane. Ukuta wenye vidaka uache mtupu. Vidaka ni kazi ya fundi mwingine, usimzibe.

Urefu: katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka chini. Kwa picha ya 60 ina maana ukingo wa chini uko 120 na wa juu 180. Bao la nane nalo katikati yake iwe 150, kwa hiyo linaanzia 87. Watu wengi hutundika juu mno, karibu na dari, kama picha ya rais ofisini, na mtazamaji anatoka na shingo inauma.

BintiShangani:
Mwalimu, nimekuelewa lakini shangazi hatakubali kumi na tatu zibaki kwenye sanduku. Kwake kuacha picha ni kama kumficha kaka yake.

MwalimuWaSanaa:
Namwelewa. Basi mwambie hivi: siku ni tisa. Siku ya tano jioni mnashusha lile bao la nane na kupandisha nane nyingine. Kubwa ya kwanza inapisha ya pili. Zilizosalia ni nne, zikae kwenye meza chini ya vidaka, zimelazwa, na yeye shangazi akae hapo azieleze. Watu watakuja mara mbili.

Kuhusu miaka, jaribu kwanza sakafuni. Tandika mkeka, zipange zote tisa, panda kwenye kiti uzitazame. Angalia wanyama wanatazama wapi. Chui wa mwisho kulia akitazama kulia, anamtoa mtu nje ya ukuta. Mgeuzie nafasi, awe upande wa kushoto atazame ndani. Mimi ningefuata hilo kabla ya kufuata mwaka.

MhifadhiWaPicha:
Mimi ningeshika miaka kwenye ukuta mrefu. Mchoraji mmoja, miaka thelathini, mkono unabadilika, na mtu akitembea mita nane anauona ukibadilika. Hilo huwezi kulipata kwa kupanga wanyama.

FundiUmeme_Mwembetanga:
Msisahau mwanga. Rangi zile zinang'aa kama kioo. Dada, madirisha yako yanatazama wapi? Kama ni magharibi, saa kumi jioni ukuta mrefu wote utakuwa jua tupu na hakuna atakayeona picha. Shona pazia la marekani nyeupe, kile kitambaa cha pamba, linapitisha mwanga na kuvunja ukali. Taa za usiku ziweke juu, zimelalia ukuta kwa nyuzi thelathini hivi. Taa ikiwa mita 3.4 juu, iache mita 1.1 kutoka ukutani. Ukiisogeza katikati ya chumba, mtazamaji ataona taa ndani ya picha na kivuli chake mwenyewe.

FundiFremu:
Moja la mwisho kabla hujapima hizo 120: sakafu za nyumba zile hazikai sawa. Ukipima kutoka chini kila mahali, mstari wako utatelemka na sakafu. Azima kwa mwashi mpira wa maji, ule mweupe, jaza maji, weka alama kwa selotepu ya karatasi mwanzo na mwisho wa ukuta, kisha vuta uzi. Picha zote zifuate uzi, si sakafu wala boriti.

BintiShangani:
Nawaletea mrejesho. Tulipovuta uzi, sakafu ilionekana imetelemka sentimita saba kutoka mlangoni hadi mwisho. Saba! Kwa macho hakuna aliyekuwa anajua. Madirisha ni ya magharibi kweli, mama anashona marekani.

Bomba liko juu tangu jana, na bibi mwenye nyumba alipanda ngazi mwenyewe kulivuta kwa mkono, akasema sawa. Ukuta mrefu nimefuata miaka, isipokuwa chui mmoja niliyembadilisha nafasi na jirani yake, wamepishana mwaka mmoja tu. Shangazi ameichagua kubwa ya kwanza, ile yenye "ya mama" nyuma. Sasa anauliza kama tunaweza kuitundika mbali na ukuta ili watu wazunguke wasome na maandishi.

FundiFremu:
Inawezekana. Tumieni boriti ya pili kutoka ukuta wa mwisho, itakuwa kama nusu mita mbele. Nyaya nne badala ya mbili, mbili juu na mbili chini zimefungwa kwenye jiwe zito sakafuni, ili isiyumbe mtu akipita.