Faili kubwa kutoka meinfremu linafika lote, lakini kazi inasema imefeli

Fundi_Ligula:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, natunza seva za kampuni moja inayonunua korosho minadani. Rekodi za stakabadhi ghalani zinakaa kwenye meinfremu (kompyuta kubwa) ya kampuni mama huko nje, na kila usiku kazi yao ya JCL, yaani orodha ya amri za meinfremu, inatusukumia faili kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili, mpaka kwenye Linux yetu. Msimu ukilala hakuna shida. Minada ikichanganya, mzigo wa Tandahimba na Newala ukianza kumiminika, faili linavimba na vituko vinaanza.

Faili dogo linapita. Kubwa linajikokota zaidi ya nusu saa, linafika, logi yetu inaandika OK UPLOAD, idadi ya mistari inalingana. Kule kwao kazi inangoja jibu weee, mwisho inakufa ikidai muunganisho umekatika. Inatuma upya, na sisi tunapakia stakabadhi zilezile mara ya pili. Mhasibu hataki hata kuniona.

La pili: majina ya AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi) na wakulima yanasomeka, ila safu ya uzito ni takataka tupu, mara nyota, mara @, mara %. Wao wanasema mtandao wa Mtwara mbovu. Ni kweli?

Kijana_wa_Masasi:
Zima fayawoli yote mkuu, ikipita umeshamjua mchawi.

Mstaafu_Lindi:
Usizime kitu, mwanangu. Seva yenye malipo ya wakulima huiachi wazi usiku kucha eti unajaribu. Na kama zingekuwa poti za PASV, zile za kupitishia data, zimezibwa, hata hilo dogo lisingepita.

Mtandao mbovu unakata data katikati. Yako inafika yote, kwa hiyo tafuta kilichokufa ni kipi. FTP ina miunganisho miwili: wa amri, poti 21, na wa data. Data ikitiririka nusu saa, ule wa amri uko kimya, kama karani wa mizani anayengoja lori limalize kushusha. Ruta au fayawoli ya njiani ikiona kimya kimezidi muda wake, inaufuta kwenye kumbukumbu zake bila kumwambia mtu. Data ikiisha, seva yako inatuma jibu la 226, yaani "nimepokea yote", halifiki. Ndiyo maana kila upande unaapa uko sahihi.

Waambie waweke FTPKEEPALIVE, inayogusagusa muunganisho wa amri usionekane kimya, kwenye FTP.DATA yao, faili la mipangilio ya FTP, sekunde 60 hivi. Usitegemee keepalive ya Linux ilivyo, hiyo kwa kawaida inasubiri sekunde 7200 ndipo ishtuke.

Uzito sasa. Omba copybook yao, ile ramani ya safu za rekodi. Naweka dau utakuta COMP-3, namba zilizobanwa.

Fundi_Ligula:
Shikamoo mzee. Wamenitumia: PIC S9(7)V99 COMP-3. Umejuaje?

Mstaafu_Lindi:
Marahaba. Hizo alama zako zimesema zenyewe. COMP-3 inabana tarakimu mbili kwenye baiti moja, na nusu ya mwisho ni alama ya chanya au hasi. Gunia la kilo 84.25 linakaa hivi: 00 00 08 42 5C. Mkituma kwa ASCII, yaani kama maandishi, FTP inadhani yote ni maandishi ya EBCDIC, mfumo wa herufi wa meinfremu, na kuyatafsiri. 5C ya EBCDIC ni nyota, 6C ni %, 7C ni @. Una bahati hakuna baiti iliyogeuka kuvunja mstari, hapo hata hesabu ya mistari ingepotea.

Msikimbilie kutuma kwa binary, yaani baiti zilivyo bila kutafsiriwa. Uzito utapona lakini majina yatakuja kwa EBCDIC, na rekodi zote zitaungana mstari mmoja. Wao waigeuze PD, yaani hiyo COMP-3, kuwa tarakimu za kawaida kwa DFSORT, programu ya meinfremu ya kupanga na kugeuza rekodi, kabla ya kutuma, ni hatua moja tu kwenye JCL. Wakikuambia haiwezekani, ni uvivu.

Kijana_wa_Masasi:
Na stakabadhi kupakiwa mara mbili?

Mstaafu_Lindi:
Watume kwa jina la muda, mwisho wa .tmp, kisha kazi ibadilishe jina ikishapata 226. Programu ya Mtwara isiguse .tmp. Na namba ya stakabadhi iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, marudio yakataliwe hapo hapo.

Fundi_Ligula:
Keepalive wameweka, faili la jana limepita, na kazi imeisha na sifuri, yaani bila kosa. DFSORT wameahidi wiki ijayo. Ya .tmp naanza nayo leo kabla mhasibu hajafika.