Tupeane uzoefu: mnawachezesha nini watoto wa chekechea ili vidole vipate nguvu?

Wapendwa, binti yangu ana miaka 4, anasoma chekechea hapa Moshi. Kila siku anarudi na ukurasa mzima wa herufi za kujaza, halafu analia mkono unamuuma. Sitaki madaftari zaidi, nataka michezo. Kwenu nini kimesaidia? Tajeni na umri wa mtoto.

Mama wa Pasua
Vibanio vya nguo! Wangu alikuwa na miaka 4 pia. Nilimfungia kamba ya kimo chake, akawa anaanika soksi na leso zake mwenyewe. Vile vya mbao vyenye springi vinataka nguvu ya gumba na kidole cha shahada, na vidole hivyo ndivyo vinavyoshika penseli. Alianza kwa mikono miwili, masika yalipoisha anabana kwa mmoja.

Mwalimu wa awali, Arusha
Mama, pole, na mtoto mpe pole. Mkono wa miaka 4 bado unajengwa: kifundo kina mifupa 8 midogo inayoanza kama gegedu (kitu laini ambacho bado si mfupa), na wa mwisho haukomai mpaka mtoto yuko shule ya msingi. Hata kuchora kuna ngazi. Wengi huweza duara kwenye miaka 3, msalaba kwenye 4, pembetatu karibu na 5. Asiyeweza bado mstari wa mshazari, herufi k itamtesa bure.

Mimi nawaandikisha ukutani kwanza. Bandika karatasi usawa wa macho yake, au mpe brashi kuukuu na kopo la maji achore kwenye ukuta wa nje. Bega na kifundo vinapata kazi. Na chaki mpe kipande kifupi. Ndefu ataikamata kwa ngumi, fupi inamlazimisha kutumia ncha za vidole. Udongo wa kufinyanga nao usikosekane.

Bibi wa Kibosho
Hamjambo wanangu. Mjukuu wangu ana miaka 5. Kahawa ikiiva anachuma matawi ya chini, nyekundu tu, za kijani anaziacha. Kwenye chanja anatoa buni mbovu, mojamoja. Siku nyingine anapukuchua mahindi ya kuku, ila mstari wa kwanza namfungulia mimi, maana huo ni mgumu kwa kidole kidogo.

Baba wa wawili, Ngaramtoni
Shikamoo bibi. Naongeza angalizo: mwanangu mdogo wa miaka 2 alisukuma harage puani, likatolewa hospitali. Chini ya miaka 3 mpeni vikubwa: kuchana magazeti, kukamua sponji kwenye beseni, kuviringisha unga wa chapati. Mkubwa anatunga shanga, huku Arusha hazikosekani. Uzi ukimlegea, upakeni nta ya mshumaa nchani, unasimama.

Mama wa Njiro
Na mkasi je? Wangu ana miaka 4, anatumia kushoto, karatasi inajikunja tu haikatiki.

Mwalimu wa awali, Arusha
Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia, mama. Tafuta wa kushoto wenye ncha butu, na usimhamishe mkono. Anza na karatasi ngumu ya boksi la dawa ya meno, ikate vipande vyembamba vinavyokatika kwa bano moja. Gumba liangalie juu. Akizoea, mchoree mstari mnene aufuate.