Wakuu naombeni ushauri: nguo za jeshi za mtumba kufanyia mazoezi, ni sawa kweli?

Dogo wa Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza form six, nasubiri JKT kwa mujibu wa sheria, nimepangiwa Makutupora hapahapa Dom, sasa nimeanza kujifua mapema maana pumzi sina kabisa. Juzi pale Sabasaba kwenye mtumba nikaokota T-shirt ya kijivu imeandikwa ARMY kifuani, bukta nyeusi, suruali ya kombati ya mabaka na buti. Bei chee. Mama kaona hiyo suruali anataka kuichoma moto. Naweza kukimbia nazo asubuhi au najitafutia balaa?

Mzee wa Chako ni Chako: Mama yuko sahihi, ila asichome 😂 ipeleke polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa. 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu warudishe sare na zinazofanana nazo. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 178 kinagusa hadi vazi lenye mwonekano wa sare, kwa hiyo hizo habari za "hii ni ya Marekani afande" utazieleza ukiwa unaruka kichurachura.

Binti Kizota: T-shirt ya kijivu ni ya PT (mazoezi ya viungo) ya jeshi la Marekani, ya zamani. Waliibadilisha, kuanzia 2017 wanavaa nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, nadhani ndo maana za kijivu zimejaa mtumbani. Haina mabaka, mi naona ni nguo ya gym tu.

Mzee wa Chako ni Chako: We unaona hivyo, afande mwenye haraka yeye anasoma ARMY basi. Dogo avalie ndani kwao.

Kuruta Mstaafu: Mnabishana mambo ya nje bure. Dogo soma tangazo lenu la JKT: bukta ya bluu iliyokolea, mpira kiunoni, haina zipu, inafika magotini, T-shirt ya kijani kola ya duara, raba za kijani au bluu, soksi ndefu nyeusi na track suit ya kijani au bluu. Nunua hivyo sasa hivi ufanyie mazoezi hivyo hivyo, usiende na raba mpya kabisa utalia. Mimi niliowaona wakichechemea wiki ya kwanza wengi walikuwa ni wa raba mpya na bukta inayosugua mapaja, pumzi inakuja yenyewe. Paka mafuta mapajani kabla hujatoka. Kombati usihangaike, utaikuta hukohuko.

Binti Kizota: Na buti usikimbilie kwenye lami jamani, mguu kwa mbele huku chini ya goti utakuuma mpaka ushindwe kupanda ngazi. Kama unataka kuzizoea tembea nazo tu, tena porini, mbigili za huku zinatoboa raba laini.

Dogo wa Nkuhungu: Nimewaelewa wakuu, suruali kesho inaenda kwa mwenyekiti. Ila raba za kijani napata wapi? Nimezunguka naona nyeupe na nyeusi tu.

Kuruta Mstaafu: Zungukia soko la Majengo, ukikosa chukua za bluu zinaruhusiwa. Jaribu ukiwa umevaa soksi zile ndefu, ni nene, ukipima na mguu mtupu itakubana.

Mzee wa Chako ni Chako: Nenda mapema, tangazo likishatoka hivi wanapandisha bei hao.