Kupima spidi ya mota kwa taa ya mimweko: saketi ya 555, Arduino, au ninunue takometa?

Msagaji_Manzese
Wakuu habari za jioni. Nina mota ya mashine ya kusaga, imetoka kusukwa (kuwekewa koili upya) juzi, na naona haisagi kama zamani. Nataka nijue spidi yake kabla sijamrudia fundi aliyeisuka. Nimesoma kwamba unaweza kutengeneza taa ya LED inayowaka na kuzimika haraka kama zile za disko. Unachora alama ya chaki kwenye puli, unarekebisha mimweko mpaka alama ionekane imesimama, halafu mimweko kwa sekunde unazidisha kwa 60, unapata mizunguko kwa dakika. Sasa nichague lipi: 555 (chipu ndogo ya kutoa mapigo), Arduino (bodi ndogo unayoiandikia programu), programu ya simu, au nikanunue tu takometa ya leza (kipima spidi) Kariakoo? Wateja wameanza kuhamia kwa jirani, naomba msaada wa haraka.

Saketi_Kijitonyama
Mkuu umeleta nusu ya swali. Fezi moja au tatu? HP ngapi? Kibao cha mota kinasema RPM (mizunguko kwa dakika) ngapi? Unataka kuipima ikiwa tupu au ikiwa na mahindi ndani? Na mfuko wako unaruhusu kiasi gani?

Mzee_Gerezani
Ongezea hili: mashine inaendeshwa kwa mkanda au imeunganishwa na mota moja kwa moja? Kama ni mkanda, puli ni inchi ngapi kila upande?

Msagaji_Manzese
Shikamoo mzee. Ni fezi tatu, HP 15. Kibao hakisomeki, kimepakwa rangi na kutu juu yake. Ina mikanda mitatu, puli ya mota inchi 10, ya kinu inchi 5. Bajeti isizidi elfu sitini.

Saketi_Kijitonyama
Basi tengeneza ya 555, usihangaike na kingine. Lakini usiifuate ile saketi ya kawaida inayochorwa kila mahali, maana kwa ile taa inawaka zaidi ya nusu ya muda na alama itaonekana kama ukungu tu. Saketi hiyo ina resista mbili, R1 na R2; weka dayodi sambamba na R2 ili kapasita ichajiwe kupitia R1 peke yake. R1 iwe kilo-ohm 1, kapasita mikrofaradi 0.47 ya polista (usiweke ile ya elektroliti, inahama na joto), na R2 iwe potenshometa (resista ya kuzungusha) ya kilo-ohm 500 ikifuatana na resista ya kilo-ohm 22. Utapata kama mimweko 6 hadi 130 kwa sekunde, na kila mmweko ni kama mikrosekunde 300. Kwa mota ya RPM 1440 alama itavutika nyuzi tatu hivi tu, inasomeka vizuri. Mosfeti moja (swichi ya kielektroniki) ya kuwashia LED, na multimita yenye kipimo cha Hz (mara kwa sekunde) ya kusomea. Vitu vyote hivyo unavipata Kariakoo kwa saa moja.

Kodi_na_Waya
Napingana na Saketi. Ukishika ile potenshometa kidogo tu usomaji unaruka, na kila mara lazima uchomeke multimita. Arduino Uno unaandika namba unayotaka na unaipata. Ila usitumie amri ya tone(), haishuki chini ya Hz 31, na mota ya 1440 ukigawanya kwa 60 iko kwenye 24. Usitumie delayMicroseconds() kwa muda mrefu pia, inaishia mikrosekunde 16383. Tumia micros() ulinganishe muda, basi.

Saketi_Kijitonyama
Uno yenyewe haina kristali ya maana kwenye chipu kuu, ni rezoneta ya kauri. Usimuuzie mtu usahihi usiokuwepo.

Kodi_na_Waya
Hata ikikosea nusu asilimia, kwenye 1440 ni mizunguko 7. Potenshometa yako inakosea zaidi ya hapo upepo ukivuma.

FundiMota_Buguruni
Naomba niseme kama fundi wa kusuka, kwa sababu hizi taa zimewahi kunitia matatani.

Nilisuka mota ya randa ya mteja mmoja, fezi tatu, poli nne (ncha za sumaku za koili; zikiwa nyingi mota inazunguka polepole), sloti 36 za koili, kazi safi. Mteja akaniletea kijana na taa yake ya mimweko. Yule kijana akaanza chini, akawa anapandisha polepole. Ilipofika mimweko 12 kwa sekunde alama ikasimama, akatangaza mbele ya watu: "Hii ni 720, fundi kasuka poli nane badala ya nne." Mteja akakataa kunilipa hela ya ufundi. Nikamweleza kwamba poli nane ni mpangilio mwingine kabisa wa koili, nikamwomba afungue kifuniko tuhesabu pamoja. Hakutaka. Habari ikazunguka mtaa mzima kwamba nimeharibu mota ya watu, na kuna waliokuwa waniletee kazi wakazipeleka kwingine.

Ukweli ni huu. Mota inazunguka mara 24 kwa sekunde. Ukiimulika mara 12, kila mmweko unaikuta imemaliza mizunguko miwili kamili, kwa hiyo alama iko palepale. Ukiimulika mara 8, imemaliza mitatu, iko palepale. Mara 6, minne. Taa inakuonyesha alama moja iliyotulia kote huko, na kote huko inakudanganya. Siku nyingine nikamwomba yule kijana apandishe zaidi. Kwenye 24 alama moja, imetulia. Kwenye 48 zikaonekana mbili, zikitazamana. Hapo ndipo akanyamaza. Hela yangu nililipwa baada ya muda mrefu, ila aliyenichafulia jina hakurudi kunisafisha.

Kwa hiyo ndugu Msagaji, anza juu ushuke. Mmweko wa juu kabisa unaokupa alama moja ndio spidi yenyewe. Na usimrudie fundi wako kwa ugomvi kabla hujafanya hivyo.

Msagaji_Manzese
Pole sana fundi, hili sikulijua na ningeingia mulemule. Na kama taa yangu haifiki juu kiasi hicho?

Kodi_na_Waya
Tafuta sehemu mbili zinazofuatana zenye alama moja. Zidisha moja kwa nyingine, gawanya kwa tofauti yake. Mfano wa fundi: 12 mara 8 ni 96, tofauti ni 4, 96 kwa 4 ni 24. Mara 60, 1440.

Dada_Tiba
Samahani naingilia, mimi si mtu wa mota. Mimweko ya 15 hadi 25 kwa sekunde ndiyo inayoongoza kwa kuamsha kifafa kwa watu wenye tatizo la mwanga, na hapa mnazungumzia 24. Mashine ya kusaga inajaa akina mama na watoto wanaosubiri unga. Naomba ipimwe wakati hakuna mteja ndani.

FundiMota_Buguruni
Sahihi dada. Na la pili: puli ikimulikwa inaonekana imesimama kabisa. Mtoto ataweka mkono, hata mtu mzima ataweka. Msiondoe kizuizi cha mikanda eti mpate kuona vizuri.

Picha_za_Zamani
Mimi ningetumia taa ya flashi ya kamera. Mwanga wake unashinda LED mara nyingi, na ndiyo asili ya kazi hii. Harold Edgerton wa MIT alipokuwa akichunguza mota za sinkronasi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alitumia taa za gesi za namna hiyo. LED ndogo kwenye kibanda cha bati mchana hutaona kitu.

Saketi_Kijitonyama
Kapasita ya flashi inakaa na volti 300 hivi hata betri ikitolewa. Usimpe hiyo mtu ambaye hajawahi kufungua kamera. Na flashi ya kamera haikutengenezwa iwake mara 24 kwa sekunde mfululizo, itapata moto na kufa. Asubiri jioni, afunge mlango, LED ya wati tatu inatosha.

Mzee_Gerezani
Vijana mnagombana bure, umeme wenyewe ni stroboskopu (taa ya mimweko). Wetu ni Hz 50. Chukua tyubu ya zamani ile yenye choki na stata, siyo hizi mpya za elektroniki. Inamulika mara 100 kwa sekunde. Chora alama moja kwenye puli ya mota. Kama mota ni poli nne utaona alama nne, zinarudi nyuma taratibu. Mota ya namna hii haifiki 1500 kamili, hubaki nyuma kidogo, na huko kurudi nyuma ndiko kubaki kwenyewe. Fuata alama moja kwa macho, hesabu inazunguka kinyume mara ngapi kwa dakika. Ikiwa mara 10, spidi ni 1490. Ipime mikanda ikiwa imetolewa, maana ikibeba mzigo alama zinakimbia huwezi kuhesabu.

Ukiona mbili badala ya nne, ni poli mbili. Ukiona sita, ni poli sita. Hapo umeshajua kama fundi alisuka sawasawa, na hujatumia hata shilingi.

Kodi_na_Waya
Mzee hii ni nzuri sana. Nimejaribu sasa hivi kwenye grainda ya benchi chini ya tyubu ya karakana. Alama mbili, zinarudi pole pole.

Mzee_Gerezani
Lakini mimi sina hakika kama tatizo lako ni spidi, Msagaji. Mota ya HP 15 kwa kawaida huwashwa kwa starta ya nyota-delta, inayoanza na muunganiko wa nyota kisha inahamia delta. Ilipotoka kusukwa, nani aliunganisha nyaya sita? Kama starta inaganda kwenye nyota, au nyaya zimebadilishana, mota itazunguka vizuri ikiwa tupu. Ukiweka mahindi inazama, kwa sababu kwenye nyota nguvu ya kusukuma ni theluthi tu. Itapata moto pia. Inapata moto?

Msagaji_Manzese
Ndiyo mzee, inapata moto kuliko zamani. Nyaya aliunganisha kijana wa hapa jirani, siyo fundi aliyesuka.

FundiMota_Buguruni
Mnaona sasa.

Puli_na_Mkanda
Msimalize haraka. Mikanda nayo inateleza baada ya mota kufungwa upya, hasa kama haikunyooshwa. Hapo taa ya mimweko ndiyo haina mpinzani, tyubu haitoshi. Kwa puli 10 na 5, mota ikiwa 1440 kinu kiwe karibu na 2880, yaani mimweko 48. Pima shafti zote mbili na mahindi ndani. Mota ikisoma sawa na kinu kikasoma 2600, kaza mikanda, acha mafundi wa watu.

Saketi_Kijitonyama
Kwa hiyo 555.

Kodi_na_Waya
Kwa hiyo Arduino.

Mama_Cherehani
Kwa nini asinunue takometa akamaliza? Unabandika kipande cha utepe unaong'aa, unaelekeza leza, namba inatokea. Inahesabu utepe ukipita, haina huo mchezo wa 12 na 24.

Puli_na_Mkanda
Takometa ni nzuri, nami ninayo. Ila haikuonyeshi mkanda ukicheza wala puli iliyopinda. Taa unaona kwa macho yako.

Msagaji_Manzese
Nashukuru wote. Kesho naanza na starta, jioni nitatafuta tyubu yenye choki. Vifaa vya LED nitanunua pia, ila kati ya 555 na Arduino bado sijaamua.

Kijana_Gongo
Wakuu, kwa kuwa mko kwenye spidi: jenereta yangu ya petroli ikiwashwa pangaboi linazunguka taratibu na taa zinacheza. Niipandishe mafuta?

FundiMota_Buguruni
Kama ni ya poli mbili inatakiwa 3000 ndipo itoe Hz 50. Usiguse gavana (kidhibiti spidi cha injini) kabla hujachomeka multimita yenye Hz, maana ukiizidisha volti nazo zinapanda na unaunguza friji. Na sema kwanza ina mzigo gani.