Tupeane uzoefu: ni jambo gani dogo lililowaleta karibu wewe na jirani yako?

Mwanzilishi, Manyatta, Kisumu
Hamjambo wote. Ploti yetu ina milango mingi na bomba moja. Nilipohamia, salamu zilikuwa za juujuu, kila mtu na mtungi wake. Ikaja mvua ya masika. Kisumu mnaijua: asubuhi jua kali, unafua, unaanika, unaenda kazini, alasiri wingu linatanda ghafla. Siku hiyo nilirudi nikijua nguo za watoto zimelowa. Nikazikuta zimekunjwa ndani ya beseni mlangoni kwangu. Mama muuza omena wa mlango wa kona ndiye aliyezianua. Sasa aliyepo mvua ikinyemelea anaanua zote, ziwe za nani. Kwenu ilianzaje?

Kaptembwa, Nakuru
Huku vurugu za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, zilituachia majeraha. Nyumba zilichomwa, watu wakahama, na waliorudi waliogopana. Mikutano ya amani tulihudhuria, tukapiga makofi, tukarudi kila mtu kwake. Mwaka wa 2013 ikaja Nyumba Kumi, ule mpango wa serikali wa majirani kulinda usalama pamoja, tukajuana kwa majina tu.

Kilichotulegeza mimi na jirani wa ng'ambo ya njia ni jiko. Jioni moja alimtuma kijana wake aje kuomba makaa yenye moto, nikampa. Kesho yake nikaenda kwake kuomba chumvi, na yangu ilikuwepo. Sikutaka ajione ana deni kwangu. Kutoa tunakusifu sana, lakini kuomba nako kunajenga, labda zaidi, maana anayepokea kila siku huanza kuona haya hata kukutazama usoni. Tukaendelea hivyo, leo kiberiti, kesho sufuria kubwa ya wageni. Baba yangu alipozidiwa usiku, yeye ndiye aliyetoka gizani kutafuta pikipiki, akampakata hadi hospitalini.

Lurambi, Kakamega
Mulembe! Kwangu ni mboga za kienyeji, managu na mrenda, kando ya ua. Managu usipoyachuma yanakimbilia maua na majani yanapungua, kwa hiyo nimewaambia majirani wachume hata nisipokuwepo. Wanachuma, na wakipita wananipalilia.

Mwanzilishi
Wa Kaptembwa, hiyo ya chumvi nimeipenda mno. Na jirani ambaye mlango wake haufunguki kabisa, mnamfikiaje?

Free Area, Nakuru
Mimi ndiye huyo jirani. Jamani, msimwite mtu mwenye kiburi kabla hamjajua saa zake za kazi. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, mchana nalala. Kuna mama wa ghorofa ya juu aliyewahamishia watoto mchezo wao nyuma ya jengo ili nipumzike. Yeye hakuniambia neno. Watoto ndio walionieleza, tena kwa kunong'ona. Asubuhi iliyofuata, nikitoka zamu, nilimpitishia maziwa. Akanikaribisha chai, na ndipo nikajua ana shinikizo la damu na hapimi. Sasa nampima kila wiki kabla sijalala.