Ghorofa nane inataka kujengwa mlimani kwetu Isamilo, kwenye kikao cha mtaa tuulize nini?

Mama wa Mlimani (mleta mada)

Mwangaluka wana jukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa wasanifu, watu wa mipango miji na yeyote aliyewahi kupitia jambo kama hili.

Naishi Isamilo, jijini Mwanza, upande wa mlimani. Kiwanja cha jirani kimeuzwa na mnunuzi anataka kujenga ghorofa nane, chini maduka, juu nyumba za kupangisha. Ameomba kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara, tangazo limebandikwa getini. Mwenyekiti wa mtaa ametuita majirani Jumamosi na mwenye mradi atakuja na michoro yake. Mpaka sasa tumetumiwa picha moja tu kwenye grupu la mtaa: jengo la vioo, miti imepangwa mbele, magari mawili ya kifahari. Kiwanja chenyewe nakijua. Kimeinama kuelekea kwetu, na katikati kuna mwamba mkubwa umebeba mwingine. Kwenye picha mawe hayapo kabisa, ardhi imenyooka kama uwanja wa mpira.

Sipingi maendeleo, watu wanahitaji pa kuishi. Ila naipenda milima hii, na nataka Jumamosi tuseme mambo yenye maana. Baadhi ya majirani wanataka tuseme "hatutaki", basi, tuondoke. Tuulize nini? Na maoni yetu yana uzito kweli?

Ngosha wa Igogo

Dada, mtauliza mpaka mchoke na jengo litasimama. Nimeona mengi mji huu. Bora mdai fidia mapema.

Msanifu wa Kanda

Mkuu hapo juu, usimkatishe tamaa. Uzito upo, ila una wakati wake. Maombi ya kubadili matumizi yanapita kwenye kamati ya madiwani ya mipango miji, na kibali cha ujenzi kinakuja baadaye. Pingamizi likifika kabla kamati haijakaa, wataalamu wanalazimika kulitazama. Likifika mashine zimeshaanza kuchimba, mtabaki kugombana na mkandarasi ambaye hana mamlaka ya kubadili chochote.

Hiyo picha iwekeni pembeni, ni ya kuuzia nyumba. Ombeni ramani ya kiwanja inayoonyesha mipaka, nyumba zenu na kila jiwe lilipo. Ombeni mchoro wa maji ya mvua. Halafu ombeni mchoro wa mkato, unaoukata mlima kuanzia barabara ya juu hadi nyumba ya chini kabisa. Kwa milima ya Mwanza huo ndio mchoro wa kuutazama kuliko yote. Utaonyesha wanachimba kina gani, na kama hizo ghorofa nane zimehesabiwa kutoka barabara ya juu, maana kwa upande wenu zinaweza kuwa kumi.

Sasa jiwe. Miamba yetu ni granaiti iliyolika kwa miaka mingi ikabaki imebebana. Mara nyingi jiwe la juu limekaa kwenye sehemu ndogo tu ya lile la chini, likisaidiwa na udongo unaolizunguka. Ukichimba chini yake bila kulizuia, au ukalipasua kwa baruti bila kupima, huwezi kujua litaelekea wapi, na nyinyi ndio mko chini. Ulizeni ni mhandisi gani amepima mwamba, ripoti yake iko wapi, jiwe lipi linabaki, lipi linaondolewa na kwa njia gani. Mimi ningemwomba abakize ule mwamba mkubwa na jengo liuzunguke. Linawezekana: kuna nyumba nzuri hapa mjini ambazo jiwe limebaki uani au limeingia kwenye ukuta wa sebule. Mgeni akifika Mwanza anakimbilia kupiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani, na sisi wenyewe mengine yote tunayageuza kokoto. Inaniuma sana.

Mama wa Mlimani

Asante sana kaka. La kuhesabu ghorofa kutoka juu halikuwa limenijia. Maji nayo yananitisha, masika mfereji wetu unajaa hadi kwenye ngazi.

Fundi wa Mabatini

Maji ndiyo kesi kubwa, tulioko bondeni tunajua. Kiwanja chenye udongo na majani kinanyonya kiasi. Kikifunikwa zege na pevingi, mvua yote inashuka kwa mpigo hadi mto Mirongo, na Mirongo ikifurika inaingia kwetu. Aonyeshe tangi la kuvuna maji ya paa, na mfereji wa kupokea yatakayobaki uwe umeandikwa upana na kina.

Majitaka pia. Juu ya mwamba shimo halinyonyi. Mitaa kadhaa ya milimani imeunganishwa na mabomba ya MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, kwa hiyo aje na barua kwamba bomba la hapo linaweza kubeba nyumba zote hizo.

Jingine: kabla mtu hajagusa jiwe, kila jirani apige picha nyufa zilizopo kwenye kuta zake, aweke rula pembeni ya ufa, na mwenyekiti asaini. Mpya zikitokea hakuna ubishi.

Mpangaji Kirumba

Mimi nitasema tofauti. Kodi zinatuumiza. Msitumie mawe kuwafungia wengine mlango. Ghorofa nane ni familia nyingi ambazo hazitalazimika kwenda kujibanza kwenye miteremko isiyopimwa.

Mama wa Mlimani

Nakubaliana nawe kabisa, ndiyo maana sitaki neno "hatutaki". Nataka zijengwe, na tulioko chini tulale salama.

Msukuma Ughaibuni

Niko Seattle, Marekani. Huku utaratibu wa kupitia muundo wa majengo mapya ulianza 1994. Bodi za watu wa kujitolea zilikuwa zinakaa na msanifu, na mkazi yeyote aliruhusiwa kusema. Aliyesema "jengo baya" walimsikiliza na kuendelea. Aliyesema "dirisha lenu la ghorofa ya tatu linatazama moja kwa moja chumba cha wanangu, lisogezeni" ndiye aliyejibiwa. Hata hivyo mfumo huo umelalamikiwa kwamba unachelewesha nyumba, na mwaka 2023 jimbo la Washington lilipitisha sheria kwamba vigezo viwe wazi na vikao vya hadhara visizidi kimoja kwa mradi. Kwa hiyo dada, kikao kimoja kinatosha mkienda na vipimo.

Mstaafu wa Mipango Miji

Mama, mengi yameshasemwa vizuri. Naongeza machache.

Pimeni barabara yenu kwa futi kamba, sehemu nyembamba kuliko zote na kwenye kona, mkamuulize gari la Zimamoto litapita wapi na magari ya wapangaji yatalala wapi. Kama kuna mto pembeni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingoni mwake. Takeni majina ya msanifu na mhandisi, kisha mhakikishe kwenye bodi zao kwamba wamesajiliwa. Baada ya jengo kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, asiwepo wa kuona haya kuuliza hilo.

Katibu aandike muhtasari palepale, msaini wote pamoja na mwenye mradi. Jumatatu asubuhi pelekeni barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa diwani, na yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Isiyo na mhuri, kesho mtaambiwa hamkuwahi kuipeleka.