Smuthi yangu ya asubuhi ikifika kazini inakuwa chungu, nakosea wapi?

Nuru wa Kimara

Habarini wadau. Naombeni msaada maana nishachoka kumwaga matunda. Mwezi uliopita nilinunua blenda, ile ndogo ya jagi la plastiki, lengo langu niachane na chapati za kila asubuhi. Ninavyofanya ni hivi, usiku nakata nanasi naweka friza, asubuhi natia hilo nanasi, ndizi mbivu mbili, papai kama lipo, maziwa freshi kikombe kimoja, tangawizi mbichi naikwangua, mdalasini wa unga na iliki. Nasaga, namimina kwenye chupa, natoka nyumbani saa 11 na nusu.

Nikionja pale jikoni ni tamu balaa. Sasa nikifika Posta, nipange mafaili yangu, saa mbili na nusu nikifungua chupa naikuta chini maji maji ya njano, juu povu na mabonge kama maziwa yaliyokatika, na uchungu wa ajabu yani kama nimetia muarobaini. Nilidhani maziwa mabovu nikabadilisha muuzaji, wapi. Nikadhani mdalasini umezidi nikapunguza, wapi. Na huo mdalasini wenyewe haukubali kuchanganyika, unaelea juu kama vumbi na unanikaba koo.

Kingine nataka iwe nzito, ile ya kuvutika kama za kwenye vioski vya juisi, yangu ni maji ya matunda tu. Mume wangu anasema nirudi kwenye uji wa ulezi niache mbwembwe. Nisaidieni nimuoneshe.

Kijiko Kikubwa

Mumeo ana akili sana hahaha. Uji una kosa gani jamani.

Ila serious, nanasi lina uchachu ndo maana maziwa yanakatika. Badala ya maziwa tumia mtindi, wenyewe ushakatika tayari hauna cha kukatika tena.

Ticha Baio

Kijiko hapo kwenye mabonge umepatia nusu, ila uchungu sio uchachu. Angetia ndimu maziwa yangekatika vile vile lakini yasingekuwa machungu. Na mtindi pekee hautamuokoa.

Dada Nuru, kwenye hiyo jagi lako umekusanya maadui watatu wa maziwa kwa wakati mmoja. Nanasi bichi (namaanisha ambalo halijapita motoni, hata kama limeiva mpaka linanukia mtaa mzima) lina kimeng'enya kinaitwa bromeleni. Papai lina cha kwake, papeini. Tangawizi mbichi nayo inacho cha kwake. Kazi yao wote ni moja, kukatakata protini, na maziwa yamejaa protini. Zikishakatwa vile vipande vidogo vidogo baadhi yake ndio vichungu. Kwa hiyo ukionja jikoni hawajaanza kazi, ndio maana ni tamu, alafu unawapa masaa matatu ndani ya chupa, kwenye joto la Dar, umebanwa kwenye gari na chupa iko kwenye begi inapata vuguvugu, wanafanya kazi yao yote mpaka wanamaliza.

Kama unaona ni maneno ya darasani, fikiria wauza mishikaki. Nyama ngumu wanaipaka papai bichi inalainika, si ndio? Basi hicho kinacholainisha nyama ndicho kinachokula maziwa yako. Papai lililoiva linacho kidogo kuliko bichi lakini kwa masaa matatu kinatosha. Na tangawizi hii kila mtu aliyewahi kupika chai ya maziwa anaijua bila kufundishwa, ukiitia mbichi kwenye maziwa ya moto yanakukatikia mbele ya wageni, ndio maana mama zetu wanaichemsha kwanza na maji ndio maziwa yafuate. Wewe umefanya kinyume.

Kuweka nanasi friza hakusaidii. Baridi inakilaza usingizi tu, kikipata joto kinaamka. Dawa yake ni moto.

mzee wa nanasi

Mkuu mnatisha watu bure. Mi nasaga nanasi na maziwa tangu niko chuo sijawahi kuona huo uchungu.

Ticha Baio

Unasaga unakunywa baada ya muda gani?

mzee wa nanasi

Hapo hapo, nasubiri nini sasa

Ticha Baio

Basi umejijibu kaka. Leo acha glasi moja mezani mpaka mchana alafu uonje, urudi hapa.

Nuru wa Kimara

Weeee! Kumbe ni ile ya kwenye chai? Na mimi chai napika kila siku nachemsha tangawizi kwanza wala sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa ina maana hivi vyote nimekuwa nakunywa sumu? Maana kuna siku nilijikaza nikamaliza chupa. Na nanasi niliache kabisa? Nalipenda.

Ticha Baio

Sio sumu, ni ladha mbaya tu. Ila smuthi ya maziwa kukaa masaa matatu kwenye joto hiyo ni kesi nyingine, hata isipokuwa chungu inaweza kukuharibia tumbo, ibebe ya baridi.

Nanasi usiache. Lichemshe dakika tano na maji kidogo mpaka litokote lote, lipoe, ndio ugandishe. Ladha inabadilika kidogo inaelekea kwenye jamu lakini haligombani tena na maziwa. La kopo pia halina shida kwa sababu lishapikwa kiwandani. Au kama unalitaka bichi bichi, ondoa maziwa weka tui la nazi, tui lina protini kidogo sana, hapo bromeleni inakosa cha kukata. Ila ukisema embe, parachichi au ndizi, hizo changanya na maziwa utakavyo.

Binti Pemba

Asalam aleikum. Mie ya vimeng'enya siyajui ila kwenye viungo naomba nipite kidogo, maana huo mdalasini kuelea si kosa lake. Unga wa mdalasini ni gamba la mti lililosagwa, kwenye kitu baridi hauyeyuki hata usage saa nzima, na harufu yake haitoki. Viungo vyataka moto. Na wenzetu wa bara mwaona kiungo ni kunyunyizia juu tu kama mapambo.

Fanya hivi. Jioni weka sufuria ndogo, maji vikombe viwili, tia kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, iliki punje sita uzipondeponde na maganda yake, tangawizi kipande cha kidole gumba uitwange, na karafuu MOJA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Karafuu ukitia tatu nne kwenye smuthi ulimi unakufa ganzi, ndio hiyo hiyo watu wanayoweka kwenye jino likiuma. Acha ichemke taratibu mpaka maji yabaki nusu, chuja, ipoe, tia kwenye chupa uweke kwenye friji. Hiyo inakaa siku tatu nne. Asubuhi unamimina vijiko vikubwa vitatu kwenye blenda basi, wala huna vumbi wala nyuzi za tangawizi za kukwama menoni, na tangawizi ishapita motoni kama anavyotaka mwalimu.

Ukiwa na kungumanga ikwangue juu ya jagi mwishoni, kidogo mno, ncha ya kisu. Ikizidi inalevya kweli kweli, usifanye mchezo nayo.

Na iliki nunua punje, usinunue unga. Wa dukani mara nyingi ushakaa hauna kitu.

chupa_moja

Binti Pemba tui la nazi na ndizi na hiyo maji ya viungo inakwenda?

Binti Pemba

Inakwenda sana, ni kama ndizi za nazi tu ila za baridi. Tia na chumvi chembe.

Mzee wa Jagi

Mimi nimeuza juisi Buguruni miaka minne nikajibu la uzito. Dada siri ya ile ya kuvutika ni ndizi iliyoganda na parachichi, hamna dawa nyingine. Chukua mtwike zilizoiva mpaka ganda limeanza madoa, MENYA KWANZA (watu wanagandisha na ganda lake alafu asubuhi wanahangaika nalo kwa kisu), kata vipande, tandaza kwenye sahani zigande, ndio uhamishie kwenye mfuko, ukizirundika mbichi zinagandana zinakuwa tofali. Hizo ndio barafu lako. Ukitia barafu la maji inakuwa nzito dakika mbili, likiyeyuka unabaki na yale maji maji uliyoyasema. Parachichi robo tu linatosha kwa glasi mbili, huwezi kulisikia ladha lakini ndilo linaloshika kila kitu kisijitenge. Huna parachichi, loweka oti vijiko viwili kwenye mtindi usiku, au tia kijiko cha siagi ya karanga. Unga wa ubuyu pia unafanya nzito ila una uchachu wake, weka kwenye mtindi usiweke kwenye maziwa freshi.

Kuhusu hiyo blenda ndogo, mimi ya kwanza niliiunguza mota wiki ya pili kwa ujinga wangu, nilianza na vitu vigumu chini kisu kikakwama nikaendelea kubonyeza tu mpaka moshi. Kimiminika kinatangulia siku zote, alafu vilaini, vilivyoganda vinakuja mwisho. Saga sekunde 30, zima, koroga na kijiko (ikiwa IMEZIMWA), washa tena. Usijaze jagi. Ukisikia harufu kama ya waya zima uende ukafanye kazi nyingine, ikipoa utarudi.

Za kubeba tumia chupa ya chai. Watu wanadhani chupa ya chai ni ya moto tu, yenyewe inatunza ulichoweka. Isuuze na maji ya baridi kwanza, weka smuthi yako ikiwa bado na vipande vya barafu ya ndizi, mpaka Posta inafika ya baridi. Ila iwe chupa yako peke yako isiyowahi kuona chai ya tangawizi, harufu haitoki ile.

Shangazi Muscat

Hapa Oman sisi sukari hatutii, tende. Punje tatu nne toa kokwa, loweka kwenye maziwa ya vuguvugu usiku kucha, asubuhi saga na hayo maziwa yake. Na parachichi hapa kwenye mikahawa inasagwa na maziwa na asali nzito mpaka unaila kwa kijiko. Mie natia iliki na nyuzi mbili za zafarani nilizoloweka kwenye maji ya moto, harufu yake mpaka jirani anauliza. Zafarani si lazima mwanangu, ni ghali, ila tende usikose.

Njoro ya Nairobi

Sisi huku tunatumia maziwa lala, ndizi, njugu na hiyo mdalasini. Inashikilia tumbo hadi saa saba. Lakini usiweke sukari, ukiongeza na tende na asali na ndizi zote unakunywa soda tu.

Kijiko Kikubwa

Kwa hiyo mtindi wangu mmeukataa mwanzo alafu mmeurudisha kimya kimya. Sawa.

Ticha Baio

Hahaha mtindi haukukataliwa kaka, ulikataliwa ukiwa na nanasi bichi.

mzee wa nanasi

Nimerudi. Nimeacha glasi toka saa nne mpaka saa nane. Sisemi kitu. Nimemwaga.

Nuru wa Kimara

Wadau narudisha majibu. Jumamosi niliamua kujaribu makusudi nikiwa nyumbani. Ijumaa usiku nikachemsha ile supu ya viungo ya Binti Pemba (jiko zima lilinukia pilau), nikaloweka tende tatu kwenye maziwa, nikagandisha ndizi. Asubuhi nikatia maziwa na tende zake, vijiko vitatu vya viungo, robo parachichi, ndizi zilizoganda mwisho. Blenda ililalamika kidogo nikaizima nikakoroga kama alivyosema Mzee wa Jagi, mara ya pili ikapita. Jamani ilikuwa nzito mpaka ilikataa kutoka kwenye jagi nikaipiga kofi chini.

Nikanywa nusu, nusu nikaweka kwenye chupa ya chai mpya, nikaiacha juu ya kabati masaa matatu kama vile niko kwenye foleni. Nimefungua, hamna maji chini, hamna mabonge, hamna uchungu hata chembe, na baridi ipo. Mdalasini unausikia lakini huuoni. Papai sasa nalila kwa kijiko pembeni, nanasi nitachemsha wiki ijayo nikipata la bei nzuri.

Shida moja, rangi. Imetoka ya kahawia kahawia kabisa. Mume wangu kaja kamimina kikombe kizima kanywa, ananiambia leo uji wako umetulia. Sijamwambia.

Mzee wa Jagi

Rangi ni tende, na ndizi na parachichi zikipigwa na hewa zinakuwa nyeusi. Ndizi ukishakata zipake ndimu matone machache kabla ya kugandisha, na chupa ijaze mpaka mdomoni hewa isibaki. Ila kwa hali hiyo ya shemeji mimi ningeiacha hivyo hivyo.